Bodi Kwanza: Kuongeza Kasi ya Kompyuta Kandokando ya Ziwa Mweru

Kuanzia boma la Nchelenge hadi soko la Kashikishi, kompyuta ya mezani ni chombo cha kazi. Ndiyo inayochapa barua za maombi ya ajira, inayokata video za harusi, inayorekodi kwaya na nyimbo za vijana, na usiku inageuka uwanja wa michezo. Lugha ya kwanza ya pwani hii ya Zambia ni Kibemba, lakini Kiswahili hakiko mbali. Ng'ambo ya maji kuna Kilwa na Pweto za Kongo, na tangu 2018 makazi ya wakimbizi ya Mantapala, ndani ya wilaya hiihii ya Nchelenge, yamepokea maelfu ya watu waliovuka na Kiswahili chao cha Katanga. Mtu anayeishi kwa kompyuta katika eneo kama hili, mbali na maduka ya Lusaka na Lubumbashi, hawezi kununua mashine mpya kila programu inapozidi kuwa nzito. Lazima ajiulize kama ile aliyo nayo, au ile anayoiunga kwa vipuri, inaweza kukimbia zaidi ya kasi iliyoandikwa kiwandani.

Inaweza. Kazi hiyo mafundi wanaiita kuovakloki, na nimeandika makala haya kwa sababu naona vijana wengi wanaianza kwa kushika mkia. Wanauliza kwanza jina la prosesa. Kwa mazingira ya Mweru, yenye joto, mgao wa umeme na vipuri vya kusafirishwa, cha kuulizwa kwanza ni bodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, na kabla ya bodi ni umeme utakaoilisha.

Kila prosesa ina mpigo wa msingi, ambao kwa miaka mingi sasa ni megahezi 100, na ina kizidishio. Kizidishio kikiwa 36, prosesa inakwenda megahezi 3,600, yaani gigahezi 3.6. Kuovakloki ni kupandisha kimojawapo kati ya viwili hivyo, kwa kawaida kizidishio, halafu kuongeza volti kidogo ili prosesa isiyumbe. Kisa kinachokumbukwa zaidi katika historia ya jambo hili ni cha mwaka 1998, Intel ilipotoa Celeron 300A, prosesa ya bei nafuu ya megahezi 300. Kizidishio chake kilifungwa kwenye 4.5 na mpigo wa bodi ulikuwa megahezi 66. Lakini ukiiweka juu ya bodi kama Abit BH6 na kupandisha mpigo hadi 100, kitu hichohicho kilikwenda megahezi 450, mwendo wa Pentium II zilizouzwa kwa bei ya juu sana. Sifa zote zilikwenda kwa Celeron, ilhali iliyofungua njia ilikuwa bodi. BH6 ilimruhusu mtu kubadili mipigo ndani ya BIOS, ile programu ya mipangilio iliyo kwenye bodi yenyewe, bila kugusa pini wala kuhamisha vifuniko vidogo kwenye ubao.

Njia ile ya mpigo ilizibwa kwa upande wa Intel mnamo Januari 2011, zilipokuja prosesa za kizazi cha pili cha Core. Mpigo wa msingi ulifungamanishwa na sehemu nyingine za kompyuta, hivyo ukiupandisha hata kwa asilimia chache unavuruga diski na vifaa vingine. Tangu hapo, kwa mtumiaji wa kawaida, Intel inayopandishwa ni ile yenye herufi K mwishoni: i5-2500K, i7-2600K, i7-4790K, i7-8700K na ndugu zao. Na hiyo K peke yake haitoshi. Inahitaji bodi yenye chipseti ya daraja la Z, kama Z77, Z97, Z170, Z390 au Z690. Kizazi kile cha 2011 kilikuwa pia na P67. Bodi za H na B zinaipokea prosesa ya K, zinaiwasha, na zinaiacha ikitembea kwa mwendo wa kiwandani.

Hapa ndipo pesa za watu wengi hupotelea. Sehemu kubwa ya kompyuta za mezani zinazofika mikoani ni mtumba kutoka maofisi ya Ulaya na Ghuba, za aina ya Dell OptiPlex na HP za kiofisi. Ni mashine imara na sina neno baya juu yake kwa kazi ya kuchapa. Ila bodi zake zina chipseti za Q, kama Q67, Q77 na Q87, na BIOS zake zimefungwa kwa makusudi, kwa kuwa ofisi ya watu mia tano haitaki mfanyakazi achezee volti. Baadhi yake zina hata soketi ya pawasaplai isiyolingana na pawasaplai za kawaida. Mtu akimuuzia kijana wa Kashikishi i7-2600K kwa bei ya juu, akimwambia aipachike kwenye OptiPlex ili "ipae", amemuuzia i7-2600 ya kawaida kwa bei ya K. Ni vizuri kulijua hilo kabla noti za kwacha hazijabadili mkono.

Upande wa AMD, mshindani wa Intel, mambo ni mapana zaidi. Tangu Ryzen zilipoingia sokoni 2017, karibu prosesa zote za familia hiyo zina kizidishio kilicho wazi, hata zile za bei ya chini. Ipo tofauti ya kukumbuka: Ryzen 7 5800X3D ya 2022, yenye akiba kubwa ya kumbukumbu juu yake, ilifungwa kwa sababu tabaka lile la ziada halivumilii volti nyingi. Kwa soketi ya AM4, bodi za B350, B450, B550, X370, X470 na X570 zinaruhusu kupandisha kasi, na A320 na A520 haziruhusu. Kwa AM5 iliyokuja 2022, B650 na X670 zinaruhusu, A620 hairuhusu. Kwa hiyo mtu wa mfuko mdogo hahitaji bodi ya daraja la juu kabisa. B450 au B550 inamtosha, na ndiyo sababu kubwa ya mimi kuipendelea AM4 kwa eneo hili.

Lakini chipseti ni ruhusa tu. Uwezo uko kwenye sehemu ya bodi ambayo wauzaji hawaitaji: ule msururu wa mosfeti, koili na kapasita uliozunguka soketi ya prosesa. Kazi yake ni kuchukua volti 12 za pawasaplai na kuzishusha hadi volti moja na kidogo ambazo prosesa inazitumia. Prosesa inayokula wati 100 kwa volti 1.25 inavuta ampea 80. Birika la umeme la wati 2,000, lililochomekwa kwenye volti 230 za ukutani, linavuta ampea zisizofika 9. Huo mkondo wa ampea 80 unapita kwenye vipande visivyozidi ukucha kwa ukubwa, na ukiongeza kasi na volti unapita 100, tena 120. Bodi ya bei rahisi yenye mosfeti chache zilizo uchi itapata joto kali, itaanza kushusha kasi yenyewe ili isiungue, na mwenye nayo atadhani prosesa ni mbovu. Baadaye kapasita zinachoka, na bodi inakufa ikiwa bado kijana.

Basi ukishika bodi mkononi, angalia kando ya soketi. Kuna vipozajoto vya alumini vilivyofunika mosfeti, vizito, vilivyofungwa kwa skrubu badala ya kubandikwa? Kuna soketi ya pini 8 kwa ajili ya umeme wa prosesa, au ni ya pini 4 tu? Koili ziko ngapi? Hesabu ya koili haisemi kila kitu, kwa kuwa mosfeti bora chache hushinda dhaifu nyingi, lakini bodi yenye koili tatu na bila kipozajoto chochote usiifikirie kwa kazi hii, hata kama boksi lake limechorwa simba. Kwa bodi ya mtumba ongeza mambo mawili. Angalia vichwa vya kapasita kama vimevimba. Na kama ni ya Intel, mulika ndani ya soketi kwa tochi ya simu utafute pini zilizopinda, kwani pini za Intel ziko kwenye bodi. Kwa AM4 ziko chini ya prosesa yenyewe, kwa hiyo huko ndiko kwa kukagua.

Joto linastahili kuelezwa vizuri, maana ndilo linaloamua yote. Umeme ambao prosesa inaugeuza kuwa joto hupanda sambamba na kasi, lakini hupanda kwa mraba wa volti. Chukua prosesa inayokwenda gigahezi 4.0 kwa volti 1.20. Uipandishe hadi 4.6 kwa volti 1.35. Kasi imeongezeka kwa asilimia 15. Volti imeongezeka kwa asilimia 12 na nusu, na mraba wake ni karibu asilimia 27. Zidisha viwili hivyo, joto limeongezeka kwa takriban asilimia 46. Umelipa karibu nusu nzima ya umeme wa ziada kwa sehemu ya saba ya mwendo. Ndiyo maana hatua za kwanza za kuovakloki, zile unazopata bila kuongeza volti, ni za thamani kubwa, na za mwisho ni za sifa tu.

Sasa weka hesabu hiyo Nchelenge. Uso wa Ziwa Mweru uko takriban mita 917 juu ya usawa wa bahari, na kwa urefu huo kanieneo ya hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 10 ikilinganishwa na Mombasa au Dar es Salaam. Feni inazungusha ujazo uleule wa hewa, lakini hewa yenyewe ni nyepesi na inabeba joto pungufu kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Tofauti hiyo kwa kipoza kizuri ni nyuzi chache, si ya kumnyima mtu usingizi. Kubwa zaidi ni chumba. Video nyingi za majaribio zinarekodiwa kwenye vyumba vya nyuzi 21 au 22. Kibanda chenye paa la bati mwezi wa Oktoba, wakati joto la nje linapita 30, kinaweza kuwa na nyuzi 35. Hizo nyuzi 13 zinajumlishwa moja kwa moja kwenye joto la prosesa. Aliyeona 75 kwenye video ataona 88 kwake, na prosesa nyingi za Ryzen zinaanza kujipunguza kasi zikifika 90 au 95, za Intel kwenye 100.

Kwa hiyo nashauri kipoza cha hewa kirefu, chenye mabomba ya shaba na feni ya sentimita 12, badala ya kile cha maji. Cha maji kina pampu, na pampu ikifa hakuna duka la Mansa utakalolikimbilia jioni hiyo. Feni ikifa, feni nyingine inapatikana hata kutoka kwenye kompyuta chakavu. Nunua pia pesti ya joto ya ziada. Ile ya kwanza hukauka, na vumbi la msimu wa kiangazi litakulazimisha kufungua na kusafisha mara kwa mara.

Wapo wanaoukwepa ukuta wa joto kwa njia ambazo hatutazigusa. Mwishoni mwa 2022 Msweden anayejulikana kwa jina la Elmor aliifikisha Core i9-13900K juu ya gigahezi 9, mara ya kwanza kwa prosesa yoyote, akiipoza kwa heliamu iliyogeuzwa kuwa kimiminika. Ni kazi ya kustaajabisha. Bodi yake, ASUS ya chipseti ya Z790, ilijengwa kwa ajili ya rekodi, na mashine ile ilihitaji kusimama kwa muda mfupi tu. Yako inahitaji kukata video ya harusi kwa saa tatu bila kuganda.

Na prosesa za familia hiyohiyo zilitoa somo jingine. Mwaka 2024 ilibainika kwamba Core za kizazi cha 13 na cha 14 za daraja la juu zilikuwa zikichakaa kabla ya wakati, na Intel ikaeleza kwamba chanzo ni volti zilizopanda kupita kiasi. Ilitoa marekebisho ya BIOS kuanzia Agosti mwaka huo na kurefusha dhamana kwa miaka miwili. Wengi walioathirika hawakuwa wameovakloki chochote. Ukipata prosesa kama hiyo ya mtumba, huna namna ya kujua imekunywa volti kiasi gani huko ilikotoka. Mimi nisingeinunua.

Tuje kwenye umeme, ambao ningeweza kuanza nao. Wilaya hii iko kwenye gridi ya ZESCO, shirika la umeme la Zambia, na nchi inategemea sana maji ya Bwawa la Kariba na Mto Kafue. Ukame wa msimu wa 2023 na 2024 ulipunguza maji ya Kariba kiasi kwamba Rais Hakainde Hichilema alitangaza janga la kitaifa tarehe 29 Februari 2024, na mgao uliofuata uliziacha sehemu nyingi za nchi bila umeme kwa sehemu kubwa ya siku. Mitambo ya Musonda, huko kusini katika mkoa huuhuu wa Luapula, ni ya megawati 10 tu. Wenye vibanda walijifunza kuishi kwa sola, betri na inveta, na vifaa hivyo havikuondoka umeme uliporudi.

Kompyuta iliyopandishwa kasi na inveta havipatani kirahisi. Umeme wa ukutani unapokatika, inveta ya kawaida huchukua kati ya milisekunde 10 na 20 kuushika mzigo. Pawasaplai iliyotengenezwa kwa kanuni za ATX inaweza kushikilia pumzi yake takriban milisekunde 16 ikiwa imebeba mzigo mkubwa, na zile za bei rahisi haziufikii muda huo. Mashine inayovuta wati 150 inavuka pengo hilo bila kushtuka. Ileile ikivuta 300 inajizima, na kazi ya saa mbili imekwenda. Pawasaplai bora, yenye wati za kutosha na ziada, si anasa hapa. Chagua inveta inayotoa wimbi safi, kwa sababu pawasaplai nyingi nzuri za kisasa hazipendi lile wimbi la ngazi linalotolewa na inveta za bei rahisi. Na weka stebilaiza, kwani umeme unaporudi mara nyingi hurudi na kishindo.

Kuna hatari moja ambayo karibu haizungumzwi. Bodi nyingi za B450 zilitengenezwa kabla ya Ryzen 5000, kwa hiyo ukitaka kuweka Ryzen 5 5600 ya mwaka 2022 lazima BIOS isasishwe. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, BIOS inabaki nusu na bodi haiwaki tena. Tafuta bodi yenye kitufe cha kusasisha BIOS kutoka kwenye flashi hata bila prosesa kupachikwa, kama MSI B450 Tomahawk MAX ya 2019, au bodi zenye BIOS mbili. Kwa mtu wa Lusaka hicho ni kitufe cha kumrahisishia kazi. Kwa mtu wa Nchelenge kinaokoa bodi nzima na safari ya basi ya siku moja kwenda na nyingine kurudi.

Ukiniuliza basi nichague nini kwa kibanda cha video na muziki, nitasema Ryzen 5 3600 au 5600 juu ya B450 au B550 yenye mosfeti zilizofunikwa, ramu mbili za gigabaiti 8 zilizopachikwa kama jozi, na diski ya SSD. Kama bado unatumia diski ya kuzunguka, inunulie SSD kwanza kabla ya kugusa kizidishio, kwa kuwa hakuna ovakloki itakayokupa tofauti kubwa kama hiyo. Anayepata bodi ya Z77 au Z97 iliyo nzima pamoja na K yake kwa bei ya kutupa, aichukue. i5-2500K nyingi zilifika gigahezi 4.4 au 4.5 kwa kipoza cha hewa, na kwa kurekodi sauti bado zinafaa. Ila vipuri vyake vinazeeka na vitazidi kuwa adimu.

Ubora mkubwa wa bodi iliyo wazi, na hili naliamini kwa moyo wote, ni kwamba inapandisha na inashusha. BIOS ileile inayokuongezea volti inakuruhusu kuzipunguza. Ryzen 5 5600 imeandikwa wati 65, lakini kiwandani inaruhusiwa kuvuta hadi 76. Ukiiweka kwenye hali ya wati 45, itavuta takriban 60, na mwendo unaoupoteza katika kazi nyingi ni mdogo kuliko unavyodhani, kwa sababu ya ule mraba wa volti, safari hii ukifanya kazi kwa faida yako. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 kwa volti 12 ina wati-saa 1,200. Ili isife mapema unatumia nusu yake, na inveta inakula sehemu, ukabaki na kama 520. Kompyuta pamoja na kioo vikivuta wati 200, una saa mbili na nusu. Ukivishusha hadi 140, una zaidi ya saa tatu na nusu. Saa hiyo moja ni harusi iliyomalizika kukatwa kabla mwenye harusi hajaja kuifuata.

Kwa hiyo tengeneza mipangilio miwili na uihifadhi ndani ya BIOS kwa majina tofauti. Mmoja wa umeme wa ukutani, uliopandishwa kwa hatua ndogo: kizidishio kidogo, kisha jaribio, kisha kidogo tena. Mwingine wa betri, ulioshushwa. Kila mmoja uupime kwa programu ya kubebesha mzigo kama OCCT au Prime95, na MemTest86 kwa ramu, na upime alasiri, saa ya bati kuwaka. Mashine iliyopita mtihani saa 12 asubuhi haijapita chochote. Joto likikaribia 85 kwenye jaribio hilo, rudi hatua moja nyuma. Mwisho piga picha kila ukurasa wa mipangilio kwa simu, maana betri ndogo ya bodi ikiisha nguvu BIOS inaweza kusahau kila kitu, na betri hiyo, aina ya CR2032, uwe nayo nyingine drooni.